UZI: Geuza nguo ndani nje kabla hujaitupa. Kurekebisha nguo za zamani zikukae

Fundi wa Baraza (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mtu akihama nyumba au akipanga upya kabati, mafundi tunaletewa mifuko. "Fundi, chagua za viraka, nyingine utajua mwenyewe." Nafungua mfuko nakuta suruali ya kitambaa isiyo na hata tundu moja. Gauni la kitenge ambalo rangi bado imesimama. Shati zima kabisa, kasoro kola. Nguo hazijaisha. Hazimwingii tu mwenyewe au zinampwaya, naye akaona basi.

Inaniuma kweli, maana nyingi zilihitaji kazi ya nusu saa. Mimi ni fundi cherehani Ilala, na kazi yangu kubwa ni marekebisho, hasa kwa watu wanaotoka kununua mtumba soko la Karume. Nataka nieleze ninachokiangalia nguo ikitua mezani, ili na wewe ujue mwenyewe ipi inaokoleka, ipi ya kuachana nayo, na fundi umwambie nini. Ni uzi mrefu, nisameheni.

KWANZA, AKIBA

Kupunguza nguo ni kazi ya kawaida. Kuongeza ndiko kunakotaka macho, kwa sababu hakuna fundi anayeweza kutoa kitambaa ambacho hakipo. Kwa hiyo geuza nguo ndani nje, shika mshono wa ubavuni, pima kutoka kwenye uzi hadi ukingoni. Hicho kitambaa kilichobaki nje ya uzi ndiyo akiba yako.

Blauzi na magauni mengi ya kiwandani yamepitishwa ovaloki, ile mashine ya kufunga ukingo usifumuke, na kuachiwa chini ya sentimita 1. Hapo hakuna cha kutoa. Lakini gauni lililoshonwa na fundi anayefikiria kesho huwa na sentimita 2.5 kila ukingo. Piga hesabu: unabakiza sentimita 1 ya kushikia, kila ukingo unatoa 1.5, na kingo ni nne, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Jumla sentimita 6. Kwa mama ambaye zipu inamgomea kiunoni, sentimita 6 zinatosha kabisa ipande bila kuvuta pumzi.

Suruali za kitambaa za kiume ndizo rafiki kuliko nguo zote. Nyuma katikati, kuanzia kiunoni kushuka kwenye makalio, mara nyingi huachwa kitambaa cha ziada kwa makusudi, kipana juu na chembamba kadiri unavyoshuka. Mkanda wa kiuno nao hukatwa vipande viwili vinavyokutana palepale nyuma, ili fundi afumue, apanue au apunguze, afunge tena. Nimewarudishia watu suruali za harusi zao kwa kufumua mshono huo mmoja.

Jinzi ni habari nyingine. Mkanda wake ni kipande kimoja kirefu, na mishono mingi imekunjwa na kupigwa mistari miwili, ndani hamna akiba. Kuipanua maana yake ni kuweka kipande. Kuipunguza kiuno inawezekana: unafumua mkanda nyuma, unapunguza mshono wa makalio pamoja na kile kipande cha juu ya mifuko, unarudisha mkanda. Ila usizidishe sentimita 5. Ukizidisha, mifuko ya nyuma inasogeleana mpaka karibu kugusana, na kila anayekuona kwa nyuma anajua suruali ilikuwa ya mtu mwingine.

PILI, MABEGA

Hili nalisisitiza kuliko yote, hasa kwa wanunuzi wa mtumba. Koti, shati au gauni likikukaa mabegani, sehemu nyingine zote tunaweza kuzungumza. Likikupwaya ubavuni, mgongoni, mikononi, fundi atalipunguza. Lakini mshono wa bega ukiteremka kwenye mkono kwa zaidi ya sentimita 2, weka chini hiyo nguo. Kwenye koti, kuhamisha bega ni kufumua mkono wote, kutoa mto wa bega, kukata upya duara la kwapa, kurudisha mkono bila kufanya makunyanzi, na bitana (kile kitambaa cha ndani ya koti) nayo ifuate. Mafundi wa kuifanya kazi hiyo ikakubali ni wachache, na bei yake inakaribia koti jingine.

Kwa hiyo pale sokoni, vaa koti, simama wima, papasa mwisho wa mfupa wa bega. Mshono uwe hapo. Urefu wa mkono usikusumbue kabisa, huo ni upunguzaji wa kawaida, ila uangalie kama vile vifungo vya mkononi vina matundu ya kweli yaliyokatwa. Kama yamekatwa, mkono haupunguziki kwa chini bila kuyaharibu, inabidi upunguzwe kutokea juu begani, na hapo gharama inapanda.

TATU, KUBANA SURUALI

Wengi mnataka suruali pana iwe modo. Fundi mwenye haraka anapiga mstari mmoja upande wa ndani wa mguu, anakata, anakupa. Ukivaa, mguu unajizungusha, na mstari wa pasi uliokuwa katikati umehama. Suruali inapunguzwa pande zote mbili, ndani na nje, kwa kiasi kilekile, kuanzia pajani kushuka taratibu. Mwambie hivyo kabla hajawasha mashine. Na mwambie asikate kwanza. Ashone, uvae, ukae kwenye kiti, uchuchumae, ndipo akate. Kitambaa kilichokatwa hakirudi.

NNE, KOLA ILIYOCHAKAA

Hii wazee wanaijua, vijana wengi hawajawahi kuiona. Kola ya shati huchakaa pale inapokunjika, panaposuguana na shingo na ndevu. Upande wake wa chini uko kama ulivyotoka dukani, haujawahi kugusa kitu.

Unafumua mshono unaoishikilia kola kwenye ule ukanda mwembamba wenye kifungo cha juu. Wembe unatosha, ila usivute uzi: kata mshono mmoja, ruka mitatu minne, kata mwingine, halafu utaachia wenyewe. Kabla haijatoka, weka alama ya chaki katikati ya kola na katikati ya ukanda. Ukiitoa, ndani utakuta vumbi la nyuzi limejaa, likung'ute, piga pasi. Palipotoboka papitie na zigizaga, ule mshono wa kwenda upande huu na ule, juu ya kiraka chembamba. Sasa igeuze, upande uliochakaa ukae chini, linganisha alama za chaki, ichomeke kwenye ukanda, ishikize kwa mishono mirefu ya mkono, kisha pita na cherehani ukifuata matundu yaleyale ya zamani. Shati linarudi kazini. Ila angalia kama kola ina vijimfuko vya vile vijiti vya plastiki kwenye ncha. Kama vipo vitakuja juu na vitaonekana, hapo afadhali kola mpya.

Kabla ya yote haya: fua nguo kwanza, hasa ya pamba. Pamba husinyaa. Ukipunguza kabla ya kufua, maji yatapunguza tena kwa upande wao.

Maswali yaleteni.


Mama Pacha

Shikamoo fundi, na asante sana. Mimi nina magauni manne ya kitenge niliyoshona kabla ya kujifungua watoto wangu. Nimegeuza ndani nje kama ulivyosema, fundi aliyenishonea alikata karibu na uzi kabisa, hamna kitu. Vitenge ni vya gharama na vingine ni zawadi ya mama mkwe. Nifanyeje? Kwapani pananibana kuliko kiunoni.


Fundi wa Baraza

Marahaba mama, na hongera kwa mapacha.

Hayo magauni yanaokoka, usiyatoe. Kwa kuwa akiba hamna, tunaweka kipande cha ubavuni, kuanzia chini ya mkono kushuka hadi nyonga au hadi chini kabisa. Kipande kiwe pande zote mbili, hata kama unahitaji sentimita chache tu, vinginevyo gauni litavutika upande mmoja na maua ya kitenge yataenda mshazari.

Usihangaike kutafuta kitenge kilekile. Hata ukikipata, cha kwako kimefuliwa na kile ni kipya, rangi hazitalingana na itaonekana umeziba. Chagua kitambaa cha rangi moja kilichomo ndani ya kitenge chenyewe. Kama kina bluu ya bahari, weka pembeni bluu ya bahari, halafu kitambaa hichohicho ukirudie mahali pengine, shingoni kwa mfano, au kwenye pindo la mkono. Watu wataona mtindo.

Kwapani kwa kuwa panabana zaidi, kipande cha ubavuni kisiishie kwenye mshono wa kwapa. Kiendelee kuingia kwenye mshono wa chini wa mkono, kipana pale kwapani na chembamba kuelekea kiwiko. Mwambie fundi "kipande kipite kwapani bila kukatika." Ukiinua mkono kumbeba mtoto, gauni lote halipandi.

Na siku ukishona gauni jipya, sema mapema uachiwe akiba ya sentimita 2.5 ubavuni. Kitambaa kinachoongezeka ni kidogo sana.


Mzee wa Kihesa

Fundi, Mungu akubariki. Kugeuza kola nilimwona marehemu baba yangu akifanya kwa mkono, bila cherehani, usiku kwa taa ya kandili.

Mchango wangu ni sare za shule. Nimesomesha watoto na sasa wajukuu. Sketi na suruali ya sare inunuliwe au ishonwe ikiwa ndefu, upindo uwe mpana hata sentimita 8 au 10, ushonwe kwa mkono kwa mishono mirefu ya ndani isiyoonekana. Kila Januari unafumua, unashusha kidogo. Sketi za marinda nazo kiunoni ziwekwe vifungo viwili vya kuhamia. Mtoto anakua, sketi inamfuata. Shida yangu ni ule mstari unaobaki pale upindo wa zamani ulipokuwa. Kuna dawa?


Fundi wa Baraza

Shikamoo mzee.

Mstari huo una mambo mawili ndani yake. Kwanza ni mkunjo uliokaa muda mrefu. Huo unaondoka: changanya siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, lowesha kitambaa safi, kiweke juu ya mstari, piga pasi ya moto juu yake kwa kukandamiza, usisugue. Jaribu kwanza kwenye kona ya ndani uone kama rangi inastahimili.

La pili ni kupauka. Sehemu ya nje imepigwa na jua na sabuni, iliyokuwa ndani ya upindo haijaguswa. Hapo siki haitibu. Kama shule inaruhusu, funika kwa utepe mwembamba wa rangi ya sare. Kama hairuhusu, piga mishono miwili mitatu ya mstari kuzunguka, ukipita palepale, jicho litasoma kuwa ni pambo la pindo. Ukishusha kidogo kila mwaka kama ufanyavyo, tofauti ya rangi nayo inakuwa ndogo kuliko ukisubiri miaka mitatu ukashusha yote.


Mkaazi wa Eastleigh

Salamu kutoka Nairobi. Hata huku Gikomba mafundi wamejaa, unanunua longi (suruali ndefu) hapa, hatua chache unakatiwa urefu. Naomba kuuliza: jinzi ikikatwa chini inapoteza ile pindo ya kiwanda iliyopauka vizuri, inabaki na pindo mpya inayoonekana wazi. Kuna mafundi wanairudisha ileile. Wanafanyaje?


Fundi wa Baraza

Karibu ndugu.

Pindo la kiwanda halikatwi. Sema unataka kupunguza sentimita 6. Unakunja mguu kuelekea nje, pindo la zamani likiwa juu, mpaka mkunjo uwe sentimita 3, bila kuhesabu upana wa pindo lenyewe. Nusu, kwa sababu kitambaa kimekunjwa mara mbili. Kisha unashona kuzunguka mguu, ukipita kwenye jinzi karibu kabisa na ukingo wa pindo, bila kulipanda. Mishono ya ubavuni ikutane na mishono ya ubavuni. Ukirudisha pindo chini, ziada inaingia ndani na pindo la zamani linabaki chini mahali pake. Unakata ziada ya ndani, unapitisha ovaloki, unapiga pasi kwa nguvu. Kwa mbali huoni kitu.

Sindano iwe namba 16 kwa jinzi. Pale kwenye mshono wa ubavuni panapokutana tabaka nyingi, zungusha gurudumu kwa mkono. Ukikanyaga kwa kasi pale, sindano inavunjika.


Ndugu wa Tandika

Mkuu heshima yako, ila mimi nina wazo tofauti. Suruali ya mtumba napata kwa bei ndogo tu nikivumilia kuchambua. Fundi naye anataka buku tatu, anataka niende mara mbili, na atanidanganya "njoo kesho" wiki nzima. Kwa nini nisinunue nyingine tu? Fundi mmoja aliwahi kunikatia suruali mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Tangu hapo nikaacha.


Fundi wa Baraza

Ndugu yangu, hoja yako naiheshimu, na hiyo ya mguu mmoja mfupi nakupa pole. Mafundi wengine wanatuharibia wote.

Lakini tazama unachonunua na unachokiacha. Suruali uliyonayo unaijua: imeshafuliwa mara nyingi haijachuja, haikuwashi, mifuko mizima. Ile ya kuchambua huijui. Mapaja ya ndani yanaweza kuwa yamekwisha na hukuyaona kwa kiza cha banda. Nyanyua suruali juani, tazama kitambaa cha mapajani kwa upande wa nyuma. Ukiona mwanga unapita, imebakiza wiki chache.

Halafu hiyo mpya nayo itakupwaya au itakuzidi urefu, utakuja kwangu vilevile. Nguo za Ulaya na Marekani zimekatwa kwa miili ya kule. Sijui mteja wangu wa mtumba ambaye hakuhitaji walau upindo.

Kuhusu "njoo kesho", nakubali ni ugonjwa wetu. Dawa ni kumpa fundi kazi ukiwa hapo, upindo au kiuno, na kusubiri. Kazi ya dakika ishirini usiiache mezani kwa mtu. Na miguu kutolingana, mara nyingi kosa linaanzia kwenye vipimo. Fundi apime miguu yote miwili ukiwa umevaa viatu utakavyovitumia, umesimama, unatazama mbele. Ukiinama kutazama chini tu, suruali inapanda nyuma na kipimo kimeharibika. Tena watu wengi nyonga zao hazilingani kimo, upande mmoja uko juu kidogo, na hawajui. Fundi anayepima mguu mmoja na kunakili mwingine ndiye aliyekupata wewe.


Mwalimu Mstaafu

Niongeze kidogo kwa ndugu wa Tandika, kwa sababu hili jambo lina historia.

Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilianza mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mwanza kulikuwa na Mwatex, Musoma Mutex. Tulivaa vitambaa vyetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika, nguo ikawa kitu cha kutafuta, na hapo ndipo kila nyumba ilijua sindano. Suruali ya baba ikichoka mapajani, chini ya goti bado kitambaa kizima, inakatwa kaptura ya mtoto. Shuka likichakaa katikati, linapasuliwa katikati kwa urefu, kingo za pembeni zinaunganishwa ziwe katikati, lililochakaa linakwenda pembeni. Hatukuiita kazi ya umaskini, ilikuwa kazi ya nyumba. Biashara ilipofunguliwa kuanzia 1984, mitumba ikaingia kwa wingi, na viwanda vikaanza kulemewa kwa sababu nyingi, mitumba ikiwa mojawapo.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba ndani ya miaka mitatu. Marekani ikatishia kuziondoa nchi zetu kwenye mpango wa AGOA wa kuuza bidhaa kule bila ushuru. Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ikabaki na ushuru wake, ilioupandisha kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwezi Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye unafuu huo. Sisemi nani alikuwa sahihi. Ninachosema ni kwamba serikali zilibishana miaka kadhaa juu ya nguo zinazoingia, wakati nguo ambazo tayari zimo kabatini mwetu hakuna anayezijadili. Uzi huu umezijadili, nami nashukuru.


Dada wa Lyon

Nipo Ufaransa mwaka wa kumi sasa. Mwalimu kanigusa, niwape picha ya huku zinakotoka nguo.

Huku watu wanatupa kwa sababu kurekebisha ni ghali kuliko kununua. Kukata urefu wa suruali dukani kunaweza kuzidi bei ya suruali mpya ya kiwanda. Tangu Novemba 2023 kuna mpango wa kupunguza bei ya matengenezo: ukimpelekea fundi aliyesajiliwa nguo au viatu, unapunguziwa palepale kutegemea na kazi; ulipoanza ilikuwa kati ya euro 6 na 25. Ila ni kwa kutengeneza kilichoharibika, zipu, tundu, bitana, soli. Kupunguza nguo ili ikukae hakumo. Kwa hiyo nguo nzima isiyomkaa mtu bado inaingia kwenye sanduku la kukusanyia, inapangwa madaraja, inafungwa marobota, inakuja huko.

Nikirudi Dar likizo huja na sanduku la nguo zangu za kurekebisha. Nyumbani tuna fundi kila mtaa, wengine wanapita mlangoni na cherehani begani. Mnakalia utajiri jamani. Fundi, nina swali: fulana. Nikipunguza ubavuni kwa cherehani yangu ndogo, uzi unakatika nikivaa.


Fundi wa Baraza

Dada, asante kwa hiyo picha, hasa hilo la marobota.

Fulana inavutika, mshono ulionyooka hauvutiki, ndiyo maana unakatika. Weka zigizaga nyembamba, upana kidogo tu, na sindano yenye ncha ya mviringo iliyotengenezwa kwa vitambaa vya fulana. Ya kawaida hutoboa na kukata nyuzi, baadaye unaona vitundu kando ya mshono. Usikivute kitambaa wakati unashona, kiache kiende chenyewe, la sivyo ubavu utatoka na mawimbi. Kama kuna mwenye ovaloki karibu, hata bora.


Binti Kihonda

Kaka fundi, mimi sina cherehani, sina mtaji, ila uzi huu umenipa hamu ya kujifunza marekebisho tu, siyo kushona nguo mpya. Nianzie wapi?


Fundi wa Baraza

Mdogo wangu, umechagua vizuri. Anayejua marekebisho hakai bila kazi, kwa sababu watu hurekebisha hata mwezi ambao hawana hela ya kushona.

Anza bila cherehani. Wembe, sindano ya mkono, uzi, futi, chaki na pini. Tafuta suruali iliyokwisha kabisa, ifumue yote, kila mshono, mpaka ubaki na vipande mezani. Vipange. Tazama mbele kulivyo kwembamba kuliko nyuma, tazama mkunjo wa makalio ulivyokatwa. Kisha iunganishe kwa mkono. Ukimaliza hiyo kazi utakuwa unaijua suruali kuliko wengi wenye mashine.

Kisha kaa kwa fundi. Wengi watakupokea ukiwafumulia, kwa sababu hakuna anayependa kazi ya kufumua. VETA, vile vyuo vya ufundi stadi, nao wanafundisha ushonaji, ukipata nafasi nenda, utajifunza kuchora na kupima kwa utaratibu. Mashine ya kwanza chukua ya kukanyaga kwa mguu. Butterfly na Singer za zamani vipuri vyake vinapatikana na umeme ukikatika kazi haisimami. Sindano namba 11 kwa vitambaa laini, 14 kwa kitenge na mashati, 16 kwa jinzi. Badilisha sindano mapema, butu inavuta nyuzi na mteja atakulaumu wewe.


Kijana wa Mbezi

Fundi, nimesoma wote. Nina koti la suti la marehemu baba. Mabega yananikaa sawasawa kabisa, nimepapasa kama ulivyosema. Ila tumboni ni pana, baba alikuwa na mwili, na bitana imechanika kwapani. Natarajia kulivaa kwenye ndoa yangu. Naogopa kumpa mtu yeyote alikate.


Fundi wa Baraza

Pole kwa kuondokewa na mzee, na hongera kwa hatua unayoiendea. Mabega yakikaa, umeshapata koti.

Usiruhusu kukatwa kitu. Koti linapunguzwa kwa kufuata mishono iliyopo: wa katikati mgongoni na ile miwili ya pembeni. Igawanye ile ziada kwenye yote mitatu, isiondoke sehemu moja, jumla isizidi sentimita 5 au 6, vinginevyo mifuko inasogea kuelekea nyuma na mkono hauifikii vizuri. Kitambaa kinachotoka kibaki ndani, kikunjwe, kipigwe pasi, kisikatwe hata kidogo. Ukija kunenepa, au siku mwanao akilitaka, kitafumuliwa na kitakuwepo. Urefu wa koti usiguswe.

Bitana usizibe pale kwapani, itachanika tena kando ya kiraka, kwani ikishachoka imechoka yote. Badilisha yote, mikono pamoja. Bitana ya zamani ifumuliwe kwa uangalifu, itumike kama kielelezo cha kukatia mpya, na katikati ya mgongo ule mkunjo wa kulegeza uwekwe kama ulivyokuwa. Ukiondolewa, koti litabana kila ukinyoosha mikono mbele. Kama bitana ya zamani ina mfuko wa ndani wenye lebo ya fundi aliyemshonea baba, mwambie fundi autoe mzima na auhamishie kwenye mpya.

Lifanye miezi miwili kabla ya siku yenyewe, ujaribu mara mbili. Mara ya kwanza likiwa limeshikwa kwa nyuzi za mkono tu, kabla ya cherehani. Uende na shati na viatu utakavyovaa siku hiyo.